Jinsi ya kutengeneza vazi la shujaa kwa raba ya EVA ukiwa huku kwetu Mbeya kwenye baridi

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki. Dogo wa Uyole anauliza silaha za shujaa zinatengenezwa na nini, kesho yake dada wa Mafinga anauliza gundi gani, keshokutwa mtu wa Njombe analalamika bega limebanduka na alifuata video hatua kwa hatua. Wote nawajibu, lakini nimeona bora niweke yote sehemu moja, ukiwa na swali anza hapa, likibaki ndo uulize.

Na kuna jambo moja nataka likukae kichwani kabla ya yote. Video nyingi tunazoangalia zimetengenezwa na watu wenye karakana yenye joto, gundi inakauka dakika kumi, rangi nusu saa. Sisi tuko juu mita 1700 hivi kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua na ukungu. Gundi na rangi vinasikia hiyo baridi kuliko wewe unavyoisikia. Halafu vazi lenyewe mara nyingi unaenda kulivaa Dar, kwenye matamasha ya watu wanaovaa kama mashujaa wa katuni, muvi na gemu, kwenye joto la kutoa jasho. Yaani unatengeneza kwenye friji unavaa kwenye oveni, ukilielewa hilo nusu ya matatizo yako yameisha.

Hapa nafundisha kifua, mgongo, mabega na vikinga mikono. Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, tafadhali anza na vikinga mikono tu, vile viwili, mpaka mwisho na rangi juu. Vinatumia kipande kidogo, na kila kosa utakalofanya kwenye kifua utakuwa umeshalifanya pale kwa hasara ndogo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Raba yenyewe. Inaitwa EVA, ni foamu ngumu kiasi, nyepesi, ndo hiyohiyo ya kwenye ndala na ndani ya viatu vya michezo. Ya kuanzia tafuta mikeka ya watoto ya kuunganisha, ile yenye meno pembeni, mingi inakuwa sentimita 60 kwa 60 na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo. Ile midogo ya herufi za ABC pia inafaa ila imekatwakatwa katikati, unapata vipande vifupi. Mkeka wa mazoezi wa kukunja ni mwembamba, mzuri kwa mapambo, ila bonyeza kwanza kwa kucha: alama ikirudi haraka chukua, ikibaki shimo au ikiwa laini kama sponji ya godoro achana nayo. Mwanjelwa zunguka kwenye maduka ya vifaa vya watoto na ya vyombo vya plastiki, halafu pita kwa mafundi viatu uwaulize wananunua wapi raba ya soli, wao wana shiti za milimita 2 mpaka 5 na hizo ndo dhahabu yako ya mapambo. Kwenye mitumba nako usidharau, mikeka ya mazoezi iliyotumika inatoka sana.

Gundi ya fundi viatu, ile ya njano ya kwenye kopo. Sio supagluu. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, ukiinama tu kiungo kinapasuka, itumie kwa kitu kidogo cha mapambo basi. Gundi ya vijiti ya kuyeyusha nayo ikifika Dar juani inalainika, nimeiona kwa macho yangu.

Kisu cha bledi ya kusukuma na bledi za akiba, nyingi kuliko unavyodhani. Kibao cha kukatia. Rula ya chuma. Futi ya fundi cherehani. Makapeni. Manila na maboksi. Nailoni ya kufungia chakula, teipu pana na tisheti ya zamani ambayo huihitaji tena. Msasa namba 120 na 240. Gundi nyeupe ya mbao. Brashi mbili tatu za bei rahisi. Rangi nyeusi na ya fedha au dhahabu. Lastiki pana, mikanda ya mabegi na vile vifungio vya plastiki vya kubofya.

Na chanzo cha joto. Bora kabisa ni bloa ya hewa ya moto kama ya mafundi simu, wale wanaong'olea vipuri vidogo vya ndani ya simu. Kama huna, nenda na vipande vyako vyote vikiwa tayari umlipe fundi akupe nusu saa, wengi hawana shida. Draya ya saluni inasaidia kukunja raba nyembamba lakini kuziba vinyweleo, yaani vile vitundu vidogo vya juu ya raba, haiwezi, joto lake ni dogo.

Barakoa nayo sio ya hiari. Ya kitambaa inazuia vumbi la msasa tu, moshi wa gundi haiuzuii, kwa gundi unahitaji hewa inayopita.

HAPA NAOMBA USOME TARATIBU

Watu wa nyanda za juu tuna tabia ya kuingiza jiko la mkaa chumbani kukiwa na baridi na kufunga madirisha. Usifanye hivyo siku ya kazi hii, na kiukweli usifanye siku yoyote. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo inaua mtu akiwa usingizini, kila msimu wa baridi tunasikia. Sasa ongeza kopo la gundi lililofunguliwa: mvuke wake unashika moto kama petroli, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka unalifikia jiko. Gundi na moto wowote, hata mshumaa au sigara, visiwe chumba kimoja. Fanyia barazani au fungua dirisha na mlango, vaa sweta mbili. Ukiona kichwa kinauma au unajisikia kulewa, toka nje hapohapo. Na watoto wasikae karibu.

HATUA ZENYEWE

1. Chagua mhusika na ukusanye picha. Unataka mbele, ubavuni na mgongoni. Watu wengi wana picha ya mbele tu, wakifika mgongoni wanabuni na inaonekana. Swali la kila siku: lazima awe mhusika wa katuni ya Kijapani au muvi ya Marekani? Hapana kabisa. Unaweza kubuni wako. Mi ningependa sana niwaone vijana wa Iringa wanatoka na shujaa aliyebuniwa kutoka kwa Wahehe wa enzi za Mkwawa, wale walioliangusha jeshi la Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891. Makumbusho yapo Kalenga, karibu tu na mjini, ndo lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, nenda na daftari uchore umbo la ngao na mikuki kwa heshima. Vazi la namna hiyo hakuna mtu Nairobi wala Dar atakuwa nalo.

Ila onyo moja la kisheria: usitengeneze vazi linalofanana na sare ya jeshi letu, na kitambaa cha mabakamabaka ya jeshi kiache kabisa. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa Tanzania, haijalishi mhusika wako kwenye gemu ni komando. Badilisha rangi, weka zambarau, weka chungwa, iwe wazi kwamba ni mchezo.

2. Pata patani, yaani mchoro wa kukatia vipande, kutoka kwenye mwili wako. Vaa tisheti ya zamani, zungusha nailoni kiwiliwili chote bila kukaza, halafu bandika teipu juu yake vipande vifupivifupi mpaka iwe kama gamba. Vuta pumzi kifua kijae wakati mwenzako anabandika, maana ukibandika umetoa pumzi vazi litakubana ukicheka tu. Chora kwa makapeni mstari wa katikati mbele, katikati nyuma, mstari wa ubavuni chini ya kwapa, mzunguko wa shingo na wa mkono, halafu umbo lenyewe la kifua unalotaka. Mwenzako akate mgongoni kwa mkasi wenye ncha butu, kidole chake kikiwa kati ya mkasi na wewe. Hii kazi haifanyiki peke yako, usijaribu.

3. Nusu tu ndo inatosha. Chukua gamba, likate kufuata mistari, tumia upande mmoja pekee, ule uliotoka vizuri. Mwili wa mtu hauko sawa pande zote na teipu nayo inavutika, ukinakili pande zote mbili kifua kitaenda mshazari. Unanakili nusu kwenye manila, unaigeuza, unapata nusu ya pili. Kipande kikikataa kulala bapa mezani, kikate kidogo pale kinapobinuka mpaka kilale, ule mwanya unaofunguka ni dati, kama ya fundi cherehani kwenye gauni. Ukija kuunganisha kingo za dati, umbo la kifua linajitokeza lenyewe. Mama zetu na dada zetu wanaoshona wanalielewa hili kuliko sisi wote, ukikwama mpelekee fundi cherehani manila yako atakuonyesha kwa dakika mbili. Weka alama ndogo za mistari kuvuka kila kiungo ili ujue nini kinakutana na nini, na andika juu ya kila kipande: kushoto, kulia, juu.

4. Ongeza unene. Hapa wengi ndo wanapoanguka na sio uzembe, ni hesabu tu. Raba ikizunguka kitu, upande wa ndani unabanwa. Ukizungusha raba ya milimita 10 mkono mzima, ongeza sentimita 3 juu ya kipimo cha mkono, ya milimita 5 ongeza moja na nusu. Hiyo ni kufidia unene peke yake. Halafu ongeza nafasi ya nguo ya ndani na ya kupitisha kiganja, maana kikinga mkono kinachokaa vizuri lakini hakipiti kwenye kiganja ni bangili ya milele.

5. Jaribu kwa boksi kwanza. Kata patani yote kwenye maboksi, unganisha kwa teipu ya karatasi, vaa juu ya nguo ileile utakayovaa siku yenyewe. Sasa kaa kwenye kiti. Chuchumaa. Inua mikono juu kama unashika bomba la daladala. Kunywa maji. Jikumbatie. Pale panapokuchoma shingoni au kwapani, kata. Mtu ambaye hajapitia hatua hii namjua kwa kumtazama tu kwenye tamasha, amesimama siku nzima kama nguzo na hawezi kukaa kula. Maboksi ni bure kwenye duka lolote, rudia mara tatu kama inabidi, mi vazi langu la pili nilirudia mara nne na ndo ninalolivaa mpaka leo.

6. Hamisha kwenye raba na kata. Chora upande ambao hautaonekana, kumbuka kuigeuza patani kwa upande wa pili, usije ukatengeneza mabega mawili ya kushoto (swali hili naletewa kila mara, na raba ikishakatwa imekatwa). Bledi mpya. Usikate kwa nguvu mara moja, pita mara tatu taratibu, ya kwanza inachora, ya pili inaingia, ya tatu inamaliza. Kisu kisimame wima kabisa, kikilala kidogo tu kingo hazitakutana. Ila pale unapotaka kona kali, kama mstari wa katikati ya kifua, hapo unalaza kisu makusudi nyuzi 45 kwenye vipande vyote viwili, vikikutana vinafanya kona safi. Bledi ikianza kuchana badala ya kukata, vunja kipande kipya. EVA inamaliza makali haraka mno, usione huruma, na bledi butu ndo inayokata vidole kwa sababu unaongeza nguvu inateleza.

7. Pitisha joto. Bloa mbali kama sentimita 10 mpaka 15, itembee muda wote, usisimame sehemu moja. Utaona uso wa raba unabadilika kutoka kuwa na ukungu na kuanza kung'aa kidogo, hapo vinyweleo vimejifunga, songa mbele. Ikitoa moshi umezidisha, na moshi wake unakwangua koo. Mkeka wenye michoro ya kuzuia kuteleza upande mmoja, uweke huo upande ndani. Ukilazimika kutumia jiko la mkaa lifanyie nje, gundi ikiwa imefungwa na iko mbali, kipande ukikishika juu ya makaa yasiyo na mwali umbali wa kiganja na zaidi, ukikigeuza kama unachoma muhindi. Inawezekana ila inataka mkono uliozoea.

8. Kunja kikiwa cha moto. Pasha upande wa ndani mpaka kilegee, halafu kibane kwenye kitu chenye umbo unalotaka: bega kwenye sufuria iliyogeuzwa, kikinga mkono kwenye chupa ya chai, kifua kwenye ndoo ya lita 10. Shikilia mpaka kipoe kabisa. Baridi yetu hapa ni rafiki, kinapoa dakika moja na umbo linabaki. Lazima ukunje kabla ya gundi, ukitegemea gundi ndo ishikilie mkunjo itakuwa inavutwa saa zote na ipo siku itaachia.

9. Gundi. Hii ndo hatua ya kuamua vazi litaishi au la. Chagua siku kavu, fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana jua likiwepo. Raba na kopo visilale nje, viwe vimekaa sehemu yenye joto. Gundi ikiwa nzito kama asali, weka kopo likiwa limefungwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ya kuogea mtoto, lisiende kwenye moto kamwe.

Paka tabaka jembamba pande ZOTE mbili. Halafu acha. Subiri. Mtu anapaka anagandisha hapohapo ikiwa mbichi, halafu anasema gundi feki. Hii gundi haishiki kwa kukaukia ndani kama ya karatasi, inashika kwa pande mbili zilizokwisha kukauka kukutana. Dar wanangoja dakika tano mpaka kumi, Mbeya mwezi wa saba mi nangoja ishirini na wakati mwingine zaidi. Usiangalie saa, gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata lakini haibaki kidoleni, tayari. Kama ilinyonywa na raba na pamekuwa pakavu, paka tabaka la pili usubiri tena. Na siku ya ukungu mzito ukiona gundi imepauka juu kama imepata umande, huo ni unyevu umetua, hapo haitashika vizuri, ingoje iishe na upake upya siku kavu.

Kuunganisha anza na alama zako zile za mistari, gusisha kidogokidogo kutoka katikati kwenda pembeni, zikishagusana hakuna kurudi nyuma. Ukimaliza binya kiungo chote kwa nguvu ya vidole, kipande kwa kipande, maana hapa nguvu ya kubana ndo inayoshika na sio muda wa kushikilia. Acha kilale usiku mmoja ndani ya nyumba kabla hujakivaa.

10. Mapambo. Kwenye raba ya milimita 2 au ya ndala kata mistari ya pembeni, nembo, vichwa vya misumari (bomba la kalamu au kipande cha bomba jembamba kilichonolewa kinakata duara safi kabisa). Kuchora mistari ya ndani kata nusu ya unene tu halafu pitisha joto, mkato unafunguka wenyewe unakuwa mfereji mzuri. Nadhani ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, unapasha na mchoro unatokea mbele ya macho.

11. Ziba mapengo na msasa. Changanya gundi ya mbao na unga wa raba uliotoka kwenye msasa, jaza, kausha, pitisha msasa 120 halafu 240. Usitumie silikoni ya vioo hata kama muuza duka amekuambia inajaza vizuri, inajaza kweli lakini rangi haitashika juu yake milele.

12. Tabaka la chini la rangi. EVA inakunywa rangi, ukipuliza moja kwa moja inazama na baadaye inapasuka. Changanya gundi ya mbao na maji nusu kwa nusu, paka tabaka la kwanza, halafu mengine matatu mazito kidogo. Kila moja likauke mpaka liwe angavu. ONYO LA WATU WA HUKU: usiache vipande nje usiku. Gundi ya mbao ikikaukia kwenye baridi kali haitengenezi ngozi, inabaki nyeupe kama chaki na inapukutika ukiisugua. Pakia mchana, usiku ingiza ndani.

13. Rangi. Nyeusi kwanza yote. Spre iwe sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye kitu, matabaka mepesi mengi, na kopo la spre nalo liwe limekaa ndani kwenye joto la kawaida, la baridi linatema matone. Siku ya mvua usipulize, rangi inapauka. Nyeusi ikikauka chukua brashi, chovya rangi ya fedha kidogo sana, ifute kwenye gazeti mpaka ibaki karibu kavu, ndo upitishe kwenye kingo na sehemu zilizoinuka. Ghafla inakuwa chuma. Halafu rangi ya kahawia iliyochanganywa na maji mengi, paka kwenye mifereji na pembe, futa juu kwa kitambaa, uchafu unabaki mashimoni kama vazi limepita vitani. Usiruke hii, vazi linalong'aa sawasawa kila mahali linaonekana toi.

14. Mikanda. Usigundishe mkanda kwenye ukingo, utang'oka. Kata kipande cha raba cha sentimita 5 kwa 5, toboa mwanya katikati, pitisha mkanda, shonea upande wa ndani, ndo ukigundishe chote ndani ya vazi. Mzigo unagawanyika. Mabega yaning'inie kwenye lastiki ili mkono uinuke. Na kifungio kimoja kiwe ubavuni unapokifikia mwenyewe, maana chooni utaenda.

SHOKA AU UPANGA

Kwa haraka: ndani bomba la plastiki la maji la nusu inchi au fimbo nyepesi, nje sandwichi ya raba mbili za milimita 10 zilizochimbwa mfereji wa bomba, makali yanachongwa kwa kulaza kisu halafu msasa. Bomba lenyewe la PVC usilipashe moto kulikunja, moshi wake ni sumu. Ncha iwe ya raba tupu, bomba liishie sentimita kadhaa nyuma, ili likimgusa mtu lisimuumize. Matamasha yanakagua mlangoni, chuma halisi na mti wenye ncha havipiti. Bunduki ya kuigiza ipake mdomo rangi ya chungwa na usitembee nayo mkononi stendi wala mtaani, iwe kwenye begi limefungwa mpaka uko ndani ya ukumbi.

SAFARI

Kutoka Mbeya mpaka Dar ni kilomita kama 830, na buti ya basi la kwetu huku ina magunia ya viazi. Vazi langu la kwanza nililiweka kwenye begi la shangazi kaja nikalipakia chini, nimefika nalikuta bega la kushoto limekuwa chapati na kiungo cha kifua kimeachia kwa joto. Niliumia sana, miezi mitatu ya kazi. Tangu siku hiyo kifua kinasafiri kwenye boksi gumu, ndani nimejaza nguo ili umbo libaki, na nakaa nacho juu. Mabega yaingie ndani ya kifua. Beba kikopo kidogo cha gundi kilichofungwa vizuri, teipu, sindano na uzi, lastiki ya akiba.

Siku ya kuvaa vaa fulana ya pamba ndani, kunywa maji kila mara, na vua kifua kila baada ya saa moja upumzike. Sisi hatujazoea lile joto, na EVA haipitishi hewa hata kidogo.

IKIKWAMA

Kiungo kimebanduka. Safisha gundi ya zamani kwa kuisugua na kidole mpaka itoke kama vijipande vya kifutio, paka upya pande zote mbili, subiri. Ukipaka mbichi juu ya uchafu itabanduka tena hapohapo.

Rangi imepasuka sehemu inayokunja. Tabaka la gundi ya mbao lilikuwa zito au kavu sana pale. Sugua kwa msasa, paka jembamba mawili badala ya moja nene, na kwenye kiwiko au kiuno fikiria kukata vipande viwili vinavyopandana kuliko kimoja kinachokunjwa.

Kifua kinabana. Usibomoe. Fungua ubavuni, weka lastiki pana pande zote mbili, sentimita 5 zinapatikana na hakuna atakayeona chini ya mkono.

Kifua kinapwaya kiunoni. Kata dati mbili ndogo upande wa chini, unganisha, rudisha rangi.

Raba imeyeyuka na kuwa na vipele. Hapo joto limezidi, hairudi. Pakiwa mbele kabisa kata kiraka, pakiwa pembeni funika na pambo, makovu mengi ya mashujaa mnayoyapiga picha ni makosa ya bloa yaliyofunikwa vizuri.

Gundi imeganda nusu kopo. Tina (ile ya kuyeyushia gundi na rangi) kidogo inayoendana nayo inaweza kuilainisha, nje kwenye hewa, ila ikishakuwa kama ubani wa kutafuna nunua nyingine. Na ukinunua, nunua kopo dogo, kubwa linakuganda kabla hujafika mabegani.

Kipande kimebonyea safarini. Pitisha joto polepole upande wa ndani, raba inakumbuka, inarudi karibu na ilivyokuwa. Ukiwa huna bloa, mafundi simu Dar wapo kila kona, ingia na kifua chako mwombe dakika tano.